Nawaangalia wapiga picha kuliko bibi harusi!

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi napiga picha kwa raha zangu tu, sio kazi, ila siku hizi nikienda harusini au kwenye mechi najikuta namkodolea macho mpiga picha mwanzo mwisho, mpaka mke wangu ananicheka. Hivi kuna cha kujifunza kwa kumtazama tu mtu?

JIBU: Marahaba. Kipo tena kingi, ila achana na kamera yake, angalia miguu. Mzoefu akifika anatazama kwanza mwanga unatokea wapi na nyuma kuna nini, halafu anasimama pale pale anasubiri mtu aingie kwenye fremu, asiyejua ndo utamwona anakimbia huku na huku. Mikono nayo usiiache, wa kushoto uko chini ya lenzi, viwiko vimebana mbavuni, anabonyeza taratibu huku anatoa pumzi. Kwenye mechi spidi ya shata, yaani muda kamera inapokea mwanga, inaenda sekunde 1/1000 hivi ili mpira usitoke ukungu, ukumbini kwenye giza anashuka 1/125, anapanua tundu la lenzi na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga.

Yule mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipenda sana lenzi ya milimita 50 na kamera yake ndogo ya Leica, sehemu zinazong'aa akazibandika tepu nyeusi watu wasimshtukie.

Ila tafadhali, usimuulize mtu maswali pete inapovishwa, subiri akikaa kula. Na shemeji mpige picha moja kali, hatakucheka tena.