La Bamba ya kwanza kurekodiwa ni ipi

Mkuu umeuliza kama La Bamba ya Ritchie Valens ya 1958 ndo ya kwanza kurekodiwa. Hapana, ile ni ya juzi tu. Wimbo wenyewe ni son jarocho, yaani muziki wa asili wa jimbo la Veracruz huko Meksiko, wanaupiga kwa kinubi na jarana (kagitaa kadogo hivi) huku wachezaji wanagonga visigino juu ya jukwaa la mbao, na watu walishauimba miaka na miaka kabla ya santuri. Rekodi ya zamani kabisa inayojulikana ni ya Álvaro Hernández Ortiz, alijiita El Jarocho, kampuni ya santuri ya Victor waliitoa Meksiko mwishoni mwa miaka ya 1930, itafute kwanza hiyo kabla ya zote.

Halafu ingia kwenye mkusanyiko wa Frontera wa UCLA (chuo kikuu cha California, Los Angeles), wameweka santuri kibao za Kimeksiko mtandaoni. Ila tafadhali usiamini mwaka ulioandikwa YouTube, angalia ile namba iliyochongwa kwenye santuri yenyewe karibu na lebo, hiyo inafuata rekodi ya studio, wakati namba ya katalogi (ile ya kuuzia santuri) inaweza kubadilika wakiitoa upya, na hapo ndo wengi wanapotea.