Kibaki: mchumi kwanza, siasa baadaye

Je, Mwai Kibaki, rais wa tatu wa Kenya, alikuwa mchumi kweli au jina tu? Kweli kabisa. Alimaliza Makerere mwaka 1955 na shahada ya daraja la kwanza katika uchumi, akaenda London School of Economics kusomea fedha za umma, kisha akarudi kufundisha Makerere. Kazi hiyo aliiacha mwishoni mwa 1960 ili awe afisa mtendaji wa chama cha KANU. Ubunge aliupata 1963, na Wizara ya Fedha akaishika kuanzia 1969 kwa zaidi ya miaka kumi.

Ila ukitaka kuuona uchumi wake kazini, angalia CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ya 2003, alipokuwa rais. Sheria ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali yaende moja kwa moja kwenye maeneobunge: madarasa, zahanati, maji, basari. Wazo zuri. Kasoro ilikuwa kwamba mbunge ndiye aliyeunda kamati ya kugawa pesa, kwa hiyo yeye aliyepaswa kutunga sheria na kuikagua serikali akageuka mtumiaji wa fedha zilezile. Kwingine miradi ilifuata kura, kwingine majengo yalisimama bila walimu wala wauguzi, maana mishahara haikuwa kwenye fungu hilo.

Ukuaji wa uchumi nao ulipanda kutoka asilimia 0.5 mwaka 2002 hadi karibu 7 mwaka 2007, ukaporomoka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi ambao ushindi wake Kibaki ulipingwa. Hapo hesabu zilishindwa na siasa, na siasa hiyo ilikuwa yake pia.