Kitufe chekundu hakitoshi kabla ya kuingiza mkono kwenye mtambo

Ndugu, umeeleza kwamba mdogo wako ni msaidizi wa fundi katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, na kwamba msimamizi wake humwambia abonyeze kitufe chekundu cha kusimamisha mtambo kisha aendelee na usafi au kubadilisha beringi. Unauliza kama hilo linatosha. Halitoshi, na ninasema hivyo kwa kuwa nimefanya kazi ya ufundi mitambo katika viwanda vya aina hiyo kwa misimu mingi.

Katika mitambo mingi kitufe kile hukata umeme wa saketi ya kuamrisha tu, yaani ile ndogo inayobeba amri za kuwasha na kuzima. Njia kuu inayolisha mota bado ina umeme hadi kwenye kontakta, ile swichi inayounganisha mota na umeme ikipokea amri, na mtu aliye upande wa pili, asiyemwona fundi aliyeinama chini ya mkanda, anaweza kukiachia kitufe na kuwasha. Kinachomlinda fundi ni kuzima swichi kuu ya mtambo husika, kuipiga kufuli na kukaa na ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Ufunguo huo usiachwe kwa msimamizi wala kwa mlinzi. Mafundi wakiwa wawili, kila mmoja aweke kufuli lake. Kisha ajaribu kuwasha, ahakikishe kwamba hauwaki, kwa sababu kwenye paneli za zamani ambazo maandishi yamefutika nimeona watu wakizima swichi ya mtambo wa jirani bila wasiwasi wowote.

Umeme unapokatika, wengi huona ndiyo nafasi ya kufanya matengenezo, hasa msimu ukiwa umepamba moto na uongozi hautaki uzalishaji usimame. Hapo pana mtego. Kopresa, mashine ya kushindilia hewa, inayoongozwa na swichi ya mgandamizo, au feni iliyoachwa kwenye swichi ya kuzungusha, huanza yenyewe umeme ukirudi, bila mtu kuigusa.

Hata umeme ukifungwa, nguvu nyingine hubaki ndani ya mtambo. Mwenzangu mmoja alikuwa akibadilisha mnyororo wa lifti ya ndoo, ile inayopandisha korosho ghafi kwenye mashine ya kuchambua ukubwa. Swichi kuu ilikuwa imezimwa. Ndoo za upande mmoja zilikuwa zimejaa, za upande wa pili tupu, na alipochomoa pini ya mnyororo upande uliojaa ulishuka kwa kishindo, gia ikazunguka kinyumenyume na kumsaga ncha za vidole viwili. Hakuna swichi ambayo ingezuia hilo. Ilitakiwa ndoo zimwagwe kwanza, au shafti ikazwe isigeuke. Mvuke kwenye chombo cha kupikia na hewa iliyobaki kwenye mabomba vinataka uangalifu uleule: vali ya kuingizia ifungwe kwa kufuli, kilichobaki kitolewe, na vali ya kutolea iachwe wazi muda wote wa kazi, maana geji, yaani kipimo cha mgandamizo, ikiwa mbovu husoma sifuri hata mgandamizo ukiwapo.

Kuhusu sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mitambo ni salama, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana mamlaka ya kuingia kiwandani. Mtu akiumia, fidia hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajulishwe, na madai yana ukomo wa miezi 12. Madai ya mwenzangu yalichelewa kwa sababu ajali haikuandikwa popote siku ile. Msimamizi wa zamu aliona ni jeraha dogo. Kwa hiyo mdogo wako, hata akikwaruzwa tu, adai iandikwe kwenye daftari la ajali, na atunze nakala ya karatasi za hospitali. Kuhusu kufuli, kiwanda ndicho kinachopaswa kulitoa. Wakisuasua, lile la kawaida la dukani linafaa, mradi ufunguo uwe mmoja tu na awe nao yeye.