Kama umesoma kitabu, usijibu chochote. Hata "subirini muone" ni spoila (kumwaga ya mbele)

Mkuu usitume huo ujumbe. Nimesoma bandiko lako mpaka chini: una grupu la WhatsApp la wafanyakazi wenzako wanaofuatilia tamthilia ya House of the Dragon (ya zama za kabla ya Game of Thrones), wewe peke yako ndiye uliyesoma kitabu chake, Fire & Blood, wanakusumbua uwaambie ya msimu wa 3, na umepanga kuwarushia "vidokezo visivyo na majina" kila Ijumaa ili grupu lichangamke. Halafu ukauliza spoila ya episodi ikae siku ngapi ndipo iruhusiwe, picha za utani je, na anayekiuka afanywe nini. La siku tutalifikia. Hilo la vidokezo ndilo lililonitoa jasho, maana ndicho nilichofanya mimi 2013, mpaka hiyo Ijumaa yenyewe.

(Ambaye hajamaliza Game of Thrones atoke hapa sasa hivi. Ndiyo, najua imeisha tangu 2019. Toka tu.)

Wakati huo nilikuwa nimemaliza A Storm of Swords, kitabu cha tatu cha hadithi iliyozaa Game of Thrones, kilichotoka mwaka 2000, na nilijiona profesa. Kundi letu lilikuwa la nyumbani: kaka yangu, shemeji, binamu, na jirani mwenye runinga kubwa. Episodi ilikuwa inaruka Marekani Jumapili usiku, kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri. Binamu anaishusha kwa bando la usiku, jioni tunajaa kwa jirani na flashi. Mimi pekee ndiye niliyekuwa najua mbele kuna nini, na siwezi kukuficha, raha yake ni kubwa kuliko tamthilia yenyewe.

Kabla sijaanza kumwaga ubuyu nilienda kuuliza kama ulivyouliza wewe. Kuna mkongwe mmoja wa jukwaa la mashabiki wa vitabu, mabandiko maelfu, nyota kibao pembeni ya jina. Akanipa sheria mbili kwa kujiamini kama anasoma hukumu. Ya kwanza, spoila ni jina likikutana na tukio. Toa kimoja, kilichobaki ni kidokezo tu. Ya pili, kitabu kikishapita miaka kumi lawama ni ya asiyesoma. Huyo bwana, popote alipo, Mungu amsamehe. Mimi bado. Eti miaka kumi! Kwani shemeji yangu alikuwa na deni la kusoma karibu kurasa elfu moja za Kiingereza ndipo apate haki ya kushtuka sebuleni kwa watu? Mtu anaanza kuijua hadithi siku anapoanza kuifuatilia. Mwaka uliochapwa kwenye jalada haumhusu. Na ile ya jina na tukio ni ya mtu ambaye hajawahi kukaa chumba kimoja na watazamaji, kwa sababu watazamaji si wajinga. Wanakusoma uso.

Angalia ilivyokwenda. Kila Ijumaa naweka kidokezo, wao wanatupa nadharia. Zile mbovu nazicheka. "Theon ataokolewa na dada yake?" Hapana bwana, hiyo haipo. (Msimu wa 4 dada akaenda kweli kumwokoa, akarudi mikono mitupu. Kitabuni safari hiyo haipo. Weka akilini, tutarudi hapo.) "Sansa atarudiana na Joffrey?" Haipo. Wiki kadhaa hivyo, mimi na "haipo" zangu, najiona mwema kwa kuwaondolea mawazo potofu. Ndipo binamu akauliza: "Hii harusi ya kwa akina Frey, itapita salama?"

Nikanyamaza. Nikajifanya natafuta chaja.

Binamu akasema "ahaa", akarudi kwenye simu yake. Amemaliza kazi. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba lisilokuwepo nalikana, kwa hiyo nisilolikana lipo. Sikutaja jina, sikutaja tukio. Kwa sheria ya yule mkongwe nilikuwa msafi kabisa.

Lakini aliyenigharimu si binamu. Shemeji alikuwa mjamzito, tumbo kubwa tayari. Na mke wa mfalme kijana Robb, Talisa, naye kwenye tamthilia ana mimba. Shemeji alikuwa amempenda yule dada kupita kiasi, anamsemesha kwenye skrini kabisa, "kula mama, utazimia." Aliposikia ile "ahaa" akanifuata jikoni, akafunga mlango, akaniambia: "Shem, mimi hali yangu unaiona. Niambie tu, yule na mtoto wake wanapona?"

Nikamjibu kwa uhakika wa mwenye kitabu: "Shem, kaa kwa amani. Mke wa Robb hata haendi kwenye harusi hiyo."

Kitabuni ni kweli! Kitabuni Robb kamuoa Jeyne Westerling, anamwacha ngomeni Riverrun, na mimba hana. Ila kwenye tamthilia Jeyne hayupo. Kuna Talisa, mhusika waliyemtengeneza wao, mganga wa majeruhi kutoka Volantis. Dalili zote zilikuwa mbele yangu: jina jingine, nchi nyingine, na mimba ambayo mwandishi hakuiandika. Mimi nikasema aah, hawa wamebadilisha jina tu.

Episodi ya 9 ya msimu wa 3 ikafika. Ya tarehe 2 Juni 2013, mwenye kuijua anaijua. Dakika za mwanzo tu, Talisa huyo hapo, kasimama mbele ya mwenyeji Walder Frey, yuko harusini. Shemeji akageuka akaniangalia. Unajua nilifanya nini? Nilimwonyesha kidole gumba. Hata sasa hivi sijui kidole kile nilikuwa namdanganya yeye au najidanganya mwenyewe. Tukaendelea. Talisa anamtania Robb kuhusu kumfundisha Ned mdogo, yule wa tumboni, kupanda farasi, shemeji anatabasamu, ameshika tumbo. Milango ikafungwa. Bendi ikabadilisha wimbo. Catelyn, mama yake Robb, akavuta mkono wa nguo ya Roose Bolton, kamanda wao, akaona vazi la chuma. Na wa kwanza kabisa kuguswa ndani ya ukumbi ule ni Talisa, kisu cha tumbo, mara kadhaa.

Nilikuwa najiandaa kuangalia nyuso za watu wakishtuka. Ndiyo raha niliyokuwa nimeitunza tangu nifunge kitabu. Binamu hakushtuka hata kidogo, alikuwa ananiangalia mimi na kutikisa kichwa. Shemeji akainuka bila kusema neno, akaenda chooni, akakaa humo mpaka majina ya waigizaji yakaisha. Mmoja nilimwibia mshtuko, mwingine nilimuuzia usalama hewa, kwa mdomo huohuo. Kaka akamchukua mkewe wakaondoka, na mimi na yeye tukawa watu wa salamu tu mpaka mtoto alipozaliwa. Mtoto mzima, ana sauti kama muadhini, alhamdulillah. Nilipopeleka zawadi shemeji akanipokea vizuri, akanipa mtoto nimbebe, kisha akaniuliza mbele ya wakwe: "Huyu kwenye kitabu chako yupo?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikatoa meno tu. Jumatatu za kwa jirani hazikurudi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sina nyingine: aliyesoma hajibu swali la mbele. Hasemi ndiyo, hasemi hapana, hasemi subirini. Maswali yote, ya maana na ya kipuuzi, yanapata jibu moja lilelile, hata wakiuliza kama joka litafungua duka Kariakoo. Ukikana moja umeshaanza kupunguza. Angalia tamthilia nyingine ya vitabu, The Wheel of Time, ilipokuja mwaka 2021: karibu msimu mzima wa kwanza swali lilikuwa ni nani kati ya vijana wale wa kijiji kimoja ndiye Joka Aliyezaliwa Upya, yule mteule aliyetabiriwa. Wasomaji walikuwa wanalijua jibu tangu 1990. Sasa mwenye huruma anasema "mimi simtaji, ila Perrin si yeye." Huyo kampunguza mmoja. Wenzake kadhaa wakiwa na huruma hiyohiyo, swali la msimu mzima limekwisha kabla ya chai.

Na kwako wewe mkuu ni hatari zaidi, kwa sababu hujui kitakachotokea. Unajua kilichochapwa 2018, basi. Fire & Blood imeandikwa kama kitabu cha historia, maester, yaani msomi, anakusanya ushahidi wa watu wasioelewana: Septon Eustace, mtu wa dini, anasema hivi, Mushroom yule mchekeshaji anasema vingine kabisa, na mara nyingi mwandishi anakuachia uchague. Tamthilia inachagua yake, au inaleta ambayo hata Mushroom hakuiota. Laenor Velaryon, mume wa bintimfalme, kitabuni kauawa, nukta. Mwaka 2022 kwenye skrini kanyoa nywele kapanda mashua, huyooo. Malkia Helaena kitabuni ana watoto watatu, kwenye tamthilia wawili. Wangapi walikuwa wamewaambia wake zao "huyu Laenor usimzoee"? Nawajua. Tuna chama.

Utasema grupu litapooza. Halipoozi. Wewe ongelea yaliyopita. Episodi ikishaangaliwa na wote, ingia: "kitabuni hapa walifanya hivi, Eustace anasema hivi," watu watakaa wakusikilize. Ila chunga ulimi, maana kuna sentensi inayoonekana ya nyuma kumbe ya mbele. "Kitabuni hii haikuwepo" ni salama. "Kitabuni hii inakuja baadaye kidogo" umeshaua. Na "wameliacha lile tukio, sijui watamalizaje" hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, watu watakesha wanalitafuta lile tukio. Kwa taarifa yako kuna sentensi moja Joffrey anaisema msimu wa 3 wa Game of Thrones, wanatembea na Margaery makaburini, inahusu hao hao mnaowaangalia sasa. Ukiwa unaijua, usiinukuu. Ukiwa huijui, usiitafute. Na mimi nimeshasema zaidi ya nilivyotakiwa.

Wasiosoma nao wasijione wamepona. Game of Thrones ilivyovipita vitabu vyake mambo yaligeuka, maana kitabu cha tano ni cha 2011 na cha sita mpaka leo tunakisubiri. Mwaka 2016 jamaa ambaye hajawahi kushika hata jalada alinieleza kwenye foleni ya benki kwa nini yule mhusika Hodor anaitwa Hodor. Siri ambayo mwandishi mwenyewe aliwapa watengenezaji, mimi naisubiri kwenye karatasi, napewa nikiwa nimeshika fomu ya kuweka hela. Nilistahili, sikatai, lakini kwenye foleni jamani?

Siku za spoila ya episodi: kwenye grupu lenu kuna anayeangalia Jumatatu alfajiri na kuna anayengoja wikiendi akaingiziwe kwenye flashi. Anayechelewa kuliko wote ndiye anayepanga siku. Hilo halihitaji uzi, na hata likiharibika mtu ananuna siku mbili anasahau. Ya kitabu hainuniwi siku mbili, nimekueleza.

Mchangiaji hapo juu kasema weka vidokezo na chini uandike "natania tu". Huyo namuombea asiwe na shemeji mjamzito.

Jibu tunalotumia sisi sasa ni "sijafika huko", na watu wote wanajua nimefika, nimepita na nimerudi. Haijalishi. Kazi yake ni kufanana kila mara: herufi zilezile, kasi ileile ya kujibu. Usijibu maswali mengine papo hapo halafu hili ukalijibu baada ya saa nzima. Na usiweke emoji. Emoji ni jibu, hasa ile ya macho.