Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Santuri la Mjomba

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Mikindani. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, naye ametuachia sanduku la santuri alizokuwa akizinunua bandarini kila alikotia nanga. Nimekua nikisikiliza hip-hop tu. Juzi niliazima mashine ya kupigia santuri, nikaweka LP (santuri kubwa) ya mwimbaji wa Marekani James Brown iitwayo In the Jungle Groove, na katika wimbo wa "Funky Drummer" vyombo vyote vikanyamaza, ikabaki dramu peke yake. Niliitambua papo hapo, kwani nimeisikia katika nyimbo nyingi za hip-hop. Je, wana hip-hop waliiiba? Pia kuna mtu anataka kununua sanduku lote kwa bei ya jumla, na mama anashauri tumpe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba.

Dramu uliyoisikia ilipigwa na Clyde Stubblefield huko Cincinnati, Marekani, mwezi Novemba mwaka 1969. Kipande chenyewe hakizidi sekunde 20 hivi. Kirudie, ila safari hii usiufuate mdundo mkubwa; fuata kinachopita katikati yake, pale mkono wa kushoto unapoigusa ile ngoma ndogo yenye waya kwa wepesi ambao karibu hausikiki, mfano wa mtu anayebisha hodi usiku wa manane huku akichelea kumwamsha mtoto. Mimi nimeisikiliza santuri hiyo kwa miaka mingi katika baraza yangu hapa Shangani, na bado siku nyingine huunyanyua mkono wa sindano nikaurudisha nyuma, kwa sababu vigongo vile vidogo sijavimaliza.

Mwezi huo huo wa Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi kama James Brown, katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, kwa hoja ya kuulinda utamaduni wa taifa. Vijana wa rika la mjomba wako waliupenda muziki ambao kwa wakati fulani hawakuruhusiwa kuuchezea hadharani, na nadhani hilo linaeleza kwa nini baharia angeweka akiba ya mshahara wake katika santuri.

Sasa turudi kwenye wizi. Tarehe 11 Agosti 1973, mtaani Bronx jijini New York, kijana aliyezaliwa Jamaika, maarufu kwa jina la DJ Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake. Aligundua kwamba wachezaji hungojea kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na dramu inabaki, kwa hiyo akazoea kuchukua nakala mbili za santuri moja, akiviunganisha vipande hivyo ili kimoja kikiisha huku, kianze kule. Hip-hop ilizaliwa na msikilizaji mwenye santuri mikononi, na baadhi ya santuri alizozipenda zaidi zilikuwa za James Brown. Baadaye mashine za kielektroniki zilipowezesha kukikata kipande na kukirudia, kazi ambayo watayarishaji wetu huiita kusampo, dramu ya Stubblefield ikaenea kila mahali; kundi la hip-hop la Public Enemy liliitumia katika "Fight the Power" ya mwaka 1989.

Stubblefield alilipwa ujira wa mpiga chombo siku ile ya kurekodi, na kwa nyimbo zile zote zilizojengwa juu ya mkono wake hakupata mrabaha, kwa kuwa hakuandikwa kuwa mtunzi. Alifariki mwaka 2017. Hiyo ni dhuluma, na sioni sababu ya kuipamba kwa jina jingine, ingawa lawama haziwahusu vijana wa hip-hop peke yao. Mfumo wa haki uliokuwepo kabla yao ndio uliomwacha nje. Mwezi Desemba mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya mwana hip-hop Biz Markie, aliyetumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, na tangu hapo makampuni ya muziki yamekuwa makini kuomba ruhusa kwanza. Mwaka huo huo kundi la A Tribe Called Quest lilipotengeneza The Low End Theory lilikwenda hatua moja mbele: lilimwalika studio Ron Carter mwenyewe, mpiga besi aliyewahi kuwa katika bendi ya Miles Davis, yule mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazz, apige palepale. Ningependa vijana wetu wanaotengeneza biti waujue mfano huo.

Kuhusu kuuza, nakusihi usikubali bei ya jumla. Funua sanduku lote, andika kila jina katika daftari, kisha zitenge zile santuri ndogo za bendi za hapa nyumbani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo nyimbo za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na nyingi ya nakala hizo zimekwisha kuvunjika, kupotea au kuchezewa na watoto. James Brown alichapwa kwa wingi duniani na anapatikana. Nina wasiwasi kwamba mnunuzi wako anazifuata zile ndogo, ndiyo maana anataka kulichukua sanduku lote kwa mpigo. Mweleze mama hivyo, kwa upole, ukiwa na daftari mkononi.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Lindi mjini. Santuri zangu za jazz na soul zimeota ukungu, na rafiki yangu ameniambia nizifute kwa spiriti. Je, ni sahihi? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Marahaba. Kabla hujagusa chupa ya spiriti, tazama kila santuri imetengenezwa kwa nini. Zile nene, nzito, zenye maandishi ya 78 na zinazovunjika kama kigae si za plastiki; zimetengenezwa kwa sheleki, aina ya utomvu unaotolewa na wadudu, na spiriti huiyeyusha sheleki. Ukizifuta kwa spiriti utaona kitambaa kinabeba weusi, na weusi huo ndio muziki wenyewe unaoondoka.

Kwa santuri za sheleki na za plastiki pia, tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, na yakikauka huacha unga mweupe ndani ya mifereji. Lowesha kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji bila kuikata, epuka karatasi ya katikati, suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni, kisha uiache ikauke kivulini. Mfuko wa ndani wa karatasi ulioota ukungu utupe. Kava lihifadhi, ulipanguse na kulikausha.

Zisimamishe wima, mbali na paa la bati na mbali na ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao hunyonya unyevu msimu wote wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kusi ikianza kuvuma, fungua sanduku lipate hewa. Mtu mmoja aliwahi kuniazima LP ya Isaac Hayes akaiacha juu ya kiti cha gari mchana mmoja tu; ilirudi imejikunja ukingoni mfano wa chapati iliyoungua, na sindano ilipofika pale ilikuwa ikipanda na kushuka kama dau kwenye mawimbi. Tangu siku hiyo mwenye kutaka kusikiliza huja kwangu, nami humtengea kiti.

SWALI: Kwa nini Kilwa Jazz iliitwa jazz ilhali haifanani hata kidogo na Miles Davis? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Katika Afrika Mashariki neno hilo lilitumika kwa bendi yoyote ya kisasa ya dansi, na tayari katika miaka ya 1930 kulikuwa na Dar es Salaam Jazz Band. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyofanya kazi zake Dar es Salaam, ilikuwa karibu zaidi na Kuba na Kongo kuliko New York, kwa sababu santuri za Kuba za mfululizo uliotambulika kwa herufi GV ndizo zilizowafundisha wapiga gitaa wengi wa bara hili.

Lakini safari ilikuwa na njia mbili. Mwaka 1973 Herbie Hancock, aliyepiga piano katika bendi ya Miles Davis, alitoa Head Hunters, santuri ya jazz iliyovaa funk, mdundo wa akina James Brown, na humo Bill Summers anapuliza chupa ya bia akiigiza filimbi na sauti za Wabenzele, watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Ukiipata, anza na upande wa kwanza, wimbo wa pili, na usikilize pumzi ile kabla besi haijaingia.