Mfamasia na chakula cha mgonjwa wa ICU

Pole sana, dada. Umeuliza mfamasia anatafuta nini kwenye chakula cha baba aliyelazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), wakati kazi yake ni dawa. Anahusika, tena sana. Chukua propofoli, dawa ya usingizi: huchanganywa kwenye mafuta, na kila mililita ina kalori 1.1. Ikienda mililita 20 kwa saa, kwa siku ni kalori zaidi ya 500 ambazo hakuna anayeziita chakula! Zisipohesabiwa, mgonjwa anazidishiwa.

Halafu kuna mrija wa puani, unaopitisha chakula na dawa. Vidonge vya kutoa dawa polepole havisagwi, maana dozi ya siku nzima itaingia kwa mkupuo. Fenitoini ya kifafa nayo hunyonywa vibaya ikikutana na chakula cha mrija, ndiyo maana unaweza kuona kulisha kumesimamishwa kwa muda. Akilishwa kwa mshipa, mfamasia huangalia madini ya kalisiamu na fosfeti yasigandane ndani ya mfuko wa chakula hicho.

Wewe mwambie dawa zote baba alizotumia nyumbani, hata za mitishamba, na kama hakuwa akila vizuri kabla ya kulazwa. Hili la mwisho usilisahau: mwili uliokaa na njaa ukilishwa kwa pupa, fosfeti na potasiamu hushuka ghafla, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.