Maswali ya wasomaji: VM ya ndani kabisa inakufa hovyo

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina seva ya Intel naendesha KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani VM), ndani yake kuna VM kubwa ya Linux ya kufundishia vijana, na hiyo nayo inaendesha KVM yake yenye vi-VM vidogo. Hivyo vidogo vinanitoa jasho, programu zinakufa tu bila sababu, mara database inasema data imeharibika, nikirebuti inatulia kidogo kisha yaleyale. VM ya katikati haina shida kabisa. Jamaa yangu anasema ni kashe ya TLB. Nimeinstoli upya Linux ya ndani lakini wapi! Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu. Jamaa yako huenda kapatia, ila kabla hujamwamini acha memtest86+, programu ya kupima RAM, ikeshe usiku mzima kwenye seva, maana RAM mbovu inaleta dalili hizohizo na watu wanaishia kulaumu kerneli (kiini cha Linux) bure.

RAM ikiwa safi ndo tuje kwenye TLB. Hii ni kashe ndogo ndani ya prosesa, inakumbuka anwani ya programu iko wapi kwenye RAM. VM ikiwa na jedwali la anwani la ngazi 4 na EPT (jedwali la pili la Intel, linalotafsiri anwani za VM kuwa za RAM halisi) nayo ngazi 4, kutafuta anwani moja bila hiyo kashe kunaweza kula hadi safari 24 za kwenda kwenye memori, kwa hiyo hakuna anayetaka kuifuta ovyo. Balaa linaanza pale ramani imebadilika halafu kashe haijaambiwa: ni sawa na kubaki na namba ya simu ya zamani ya mtu, unapiga anapokea mwingine na wewe unaendelea kumwaga siri.

Bila VPID, prosesa inafuta TLB kila ikiingia au kutoka kwenye VM, polepole ila salama. VPID ni namba ya biti 16 inayobandikwa kwenye rekodi za kashe ili za VM hii zisichanganyike na za ile, na 0 ni ya hosti, yaani seva yenyewe. Sasa VM yako ya katikati inadhani imeipa ya ndani VPID yake, kumbe namba ya kweli inapangwa na KVM ya chini kabisa, ile ya kwenye seva. Ya katikati ikibadili namba, au ikitoa amri ya INVVPID (ya kufuta rekodi za VPID), ni ya chini inayotakiwa ikumbuke kufuta rekodi za kweli, na ikisahau hata sehemu moja tu, ya ndani inasoma anwani zilizopitwa na wakati. Ndo maana kuinstoli upya huko ndani hakukusaidia, mgonjwa ni mwingine. Upande wa AMD, KVM ilikaa miaka ikifuta kashe kila ikihama kati ya VM ya katikati na ya ndani kwa sababu zote zilitumia ASID moja (namba ya AMD inayofanya kazi kama VPID), na mimi kwa kweli naona bora uzito huo kuliko data kuoza.

Kupima: zima VM zote, kwenye seva piga modprobe -r kvm_intel kuondoa moduli ya KVM, halafu irudishe VPID ikiwa imezimwa kwa modprobe kvm_intel vpid=0 (kerneli ya kabla ya 4.20 ongeza nested=1). Ikitulia, VPID ni mtuhumiwa mkubwa, japo bado si ushahidi kamili maana mwendo wa mashine nao umebadilika. Rudisha VPID, kisha bana kila vCPU (prosesa pepe ya VM) ya VM ya katikati kwenye kor yake moja ya seva kwa virsh vcpupin, ikitulia tena basi huenda kufuta kunasahaulika vCPU inapohamia kor nyingine. Na kama hata kwa vpid=0 bado inakufa, jua hiyo haifuti rekodi zote za EPT, jaribu na ept=0 (kuzima EPT), itakuwa nzito kupita maelezo ila ni jaribio tu.

Dawa yenyewe ni kuapdeti kerneli ya seva, kerneli za VM ya katikati na za ndani ziache kwanza. Mpya nayo ikiwa na tatizo, ripoti kwa watu wa KVM ukitaja kerneli, modeli ya prosesa na jaribio lililotuliza, na wakati unasubiri baki na vpid=0. Ile database usiendelee nayo, irudishe kutoka bakapu ya kabla ya fujo kuanza, maana kilichoandikwa kimakosa kwenye diski hakitajirekebisha kwa kubadili kerneli.